Grupu la WhatsApp la walimu wa awali limejaa salamu na matangazo, maswali ya darasani hayajibiwi. Tulipangeje upya?

MwalimuWaKona

Habari za jioni walimu wenzangu. Naomba ushauri kwa mnaosimamia makundi ya walimu wa awali. Grupu letu ni la wilaya moja hapa Tanzania, wanachama 186. Wengi ni walimu wa darasa la awali katika shule za msingi za serikali, wachache wa shule binafsi, na walezi wa vituo vya kulelea watoto mchana. Lilianzishwa ili tusaidiane pale mtaala ulioboreshwa ulipoanza kutumika Januari 2024.

Kwa sasa asubuhi zinaingia salamu 50 hadi 60, mchana matangazo ya vitenge na mikopo, usiku video za kuchekesha. Jumatatu mwalimu mmoja aliuliza: "Nina watoto 94 peke yangu, nafundishaje kuhesabu kwa vizibo bila darasa kuwa soko?" Leo Ijumaa, hajajibiwa na mtu. Wakuu wa shule watatu na Afisa Elimu Kata wamo humo, na wengi wanasema faragha kwamba wanaogopa kuandika.

Nataka kujua: nianzie wapi, viongozi wabaki au watoke, na wenye vitochi (simu ndogo za kawaida) wasioingia WhatsApp tuwafikieje?

---

Bi_Ubao

Mwalimu, anza na hilo swali la watoto 94. Kanuni zitafuata. Kundi la walimu huanza kufa siku mtu anapouliza jambo la darasani likakaa siku nne, kwa sababu wale 185 wengine wameliona, na kila mmoja ameshaamua moyoni kwamba la kwake hataliuliza. Ukibandika kanuni kumi leo huku swali lile bado linaning'inia, hakuna kitakachobadilika.

Lijibu mwenyewe usiku huu, kwa urefu, ili wanachama waone jibu la kufaa linavyofanana. Kwa mfano hivi:

"Ukimpa kila mtoto vizibo 10 unahitaji 940, na kipindi chote kitaishia kwenye kugawa na kuokota. Wagawe makundi 5 ya watoto 18 au 19. Makundi 2 tu yakae kwenye vizibo kwa wakati mmoja, yaani watoto kama 38 na vizibo 380. Kundi la tatu liwe kona ya lugha na picha za kusimuliana, la nne liandike tarakimu kwa kidole kwenye mchanga, la tano lipange vijiti na mawe kwa ukubwa. Badilishaneni kila dakika 15. Vizibo vikae kumi kumi ndani ya makopo tangu jana yake, na mtoto akimaliza kazi yake ahakikishe 10 zimerudi ndani ya kopo. Hapo tayari anahesabu bila kuambiwa. Wewe kaa kwenye vizibo. Makundi mengine yapewe kazi wanazozijua tayari, kwa sababu kazi mpya ikiwa kwenye kona ambayo hupo, watoto watakuja kukuuliza na mpango mzima utavunjika."

Ongeza na tahadhari. Vizibo vya soda vilazwe makali kwa nyundo kwanza. Kwa walezi wa vituo vya mchana, vizibo, maharage na punje za mahindi visiwafikie watoto wa chini ya miaka 3, maana huvitia mdomoni, puani na masikioni. Wape magunzi ya mahindi au vifuniko vikubwa vya ndoo.

Na mwambie wazi kwamba kosa si lake. Uwiano unaotakiwa darasa la awali ni mwalimu 1 kwa watoto 25. Mwenye 94 anafanya kazi ya karibu watu wanne. Mwalimu akisikia neno hilo kutoka kwa wenzake hupumua, na mara nyingine ndilo alilokuwa analitafuta zaidi ya mbinu.

Baada ya hapo wafundishe watu kuuliza. Swali la "jamani watoto wangu hawaelewi, nifanyeje" halina pa kulishika. Ombeni mambo manne tu: umri wa watoto, idadi yao na ya watu wazima waliopo, kilichokwisha kujaribiwa, na vifaa vilivyopo. Chukua mfano wa mtoto anayeng'ata wenzake. Ukiambiwa "miaka 4, darasa la watoto 60, mwalimu 1, nimemkalisha peke yake na bado anang'ata", unaweza kumrudishia swali la maana: hutokea saa ngapi na wapi? Aandike kwa siku 5. Ikionekana ni kwenye foleni ya uji au kwenye kugombania kifaa kimoja, dawa ni kufupisha foleni na kuongeza vifaa. Ikionekana ni yule asiyeweza bado kusema "nipe" au "sitaki", dawa ni kumpa maneno hayo na kuyarudia naye kila siku. Kumkalisha peke yake hakugusi hata moja kati ya hayo.

Kuhusu usimamizi, kwa watu 186 wawepo maadmini 5, kila mmoja na siku yake, Jumatatu hadi Ijumaa. Kazi kubwa ya mwenye zamu ni moja: swali la darasani lisivuke saa 24 bila jibu. Likifikisha saa 12 likiwa kimya, ampigie au amwandikie faragha mwanachama anayejua jambo hilo na kumwomba kwa jina lake. Ukisema "mwenye kujua atusaidie" kila mtu humsubiri mwenzake. Ukisema "Mwalimu fulani, wewe una darasa kubwa, vizibo unavigawaje?" atajibu, na atafurahi kwamba umemkumbuka. Zamu zibadilike kila muhula, kwa sababu admini aliyechoka huanza kujibu kwa ukali, na watu huhama kimya kimya.

Salamu usizipige marufuku, utaonekana huna adabu. Mwenye zamu aweke salamu moja saa 12:30 asubuhi na wengine waitikie kwa kubonyeza alama juu yake, bila kuandika ujumbe mpya. Misiba vivyo hivyo: admini atoe tangazo moja, michango ifunguliwe kundi la muda, na lifungwe baada ya mazishi. Vitenge siku moja ya juma, Jumamosi. Matangazo ya mikopo ya mtandaoni yafutwe papo hapo bila majadiliano, maana walimu wanaumizwa nayo. Admini ana uwezo wa kufuta ujumbe wa mtu yeyote kwa wote, lakini akishafuta amwandikie mhusika faragha kumweleza sababu. Kufutiwa bila neno kunauma kuliko kukaripiwa.

---

Kengele_ya_Saa_Nne

Naunga mkono yote hapo juu. Kuhusu viongozi: watoke kwenye mazungumzo, wabaki kwenye matangazo.

WhatsApp ina Jumuiya tangu mwishoni mwa 2022. Unaunda jumuiya moja, na ndani yake panakuwa na kundi la matangazo ambamo maadmini peke yao huandika, pamoja na makundi mengine unayoyaongeza. Waweke wakuu wa shule na Afisa Elimu Kata kwenye matangazo. Kundi la mazungumzo libaki la wanaoingia darasani na vituoni. Kuna faida nyingine pia: kwenye kundi la matangazo la jumuiya namba za simu za wanachama hazionekani na kila mtu, wakati kwenye grupu la kawaida mtu yeyote anaziona zote 186. Walimu wa kike wanajua usumbufu unaotokana na hilo. Wekeni kanuni kwamba atakayemsumbua mwanachama faragha anaondolewa mara ya kwanza, bila onyo.

Ila msiwatoe viongozi kimya kimya. Admini mmoja amwendee Afisa Elimu Kata ana kwa ana kabla, amweleze kwamba kila mwisho wa mwezi atapata ukurasa mmoja wa mambo yanayowatatiza walimu wa awali, bila jina la mwalimu wala shule. Karatasi hiyo inamfaa anapopanga mafunzo ya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) na ajenda za Jumuiya za Kujifunza, yaani vikao vya walimu vya kujifunza pamoja. Akitolewa bila kuambiwa, atadhani mnamsema, na litageuka kesi.

---

Mzee_wa_Darasa_la_Awali

Hapo natofautiana kidogo. Wapo maafisa na wakuu waliofundisha awali miaka mingi, na ujuzi wao ukitoka utakuwa umepotea. Kipimo kisiwe cheo. Kiwe: je, mtu huyu ndiye anayempima huyu kazini? Mkuu wa shule anaweza kukaa kwenye kundi la wilaya nyingine akatoa mchango mkubwa bila mtu kumwogopa.

Pia pawepo njia ya kuuliza bila jina. Mwalimu amtumie admini mmoja anayeaminika, naye aandike "Swali kutoka kwa mwalimu mmoja". Admini alichape upya kwa maneno yake, asisambaze ujumbe wenyewe wala picha ya skrini. Mwalimu akikuta mwandiko wake wenyewe mbele ya watu wote, hatathubutu tena.

---

mwalimu_wa_PP2

Salamu kutoka Kenya. Huku walimu wa PP1 na PP2, yaani madarasa mawili ya awali, wameajiriwa na serikali za kaunti, kwa hivyo makundi yetu humezwa na hoja za mishahara na mikataba. Ni hoja za haki kabisa, na kwa sababu hiyo zinastahili kundi lake zenyewe. Zikichanganywa na za darasani, swali la jinsi ya kufundisha sauti /m/ haliwezi kushindana na habari ya mshahara uliochelewa.

Niongeze kuhusu bando, kwa maana wengi hutoka kwenye kundi kwa sababu ya simu kujaa, wala si kwa sababu ya hasira. Wiki ya kwanza mfundishe kila mwanachama kufungua mipangilio, sehemu ya hifadhi na data, na kuzima upakuaji wa picha, video na nyaraka. Atapakua anachokitaka tu. Lakini jumbe za sauti hujipakua zenyewe hata ukizima vyote, kwa hivyo ziwekee kikomo cha dakika 2. Atakayetuma sauti aandike chini yake sentensi moja ya kilichosemwa. Sauti haitafutiki: baada ya miezi mitatu hakuna atakayeikumbuka ilikuwa ya lini, na mwalimu aliye kwenye chumba cha walimu hawezi kuifungua mbele ya watu.

Video ya zana isizidi dakika moja, na mara nyingi picha tatu zinatosha: vifaa vikiwa vimepangwa, zana ikiwa nusu, zana ikiwa tayari. Chini yake andika vipimo. "Kadi za sauti" si maelezo. "Katoni la sabuni, vipande vya sm 10 kwa sm 15, herufi ndogo ya urefu wa sm 7, kalamu nene nyeusi, gundi ya unga wa muhogo" hayo ni maelezo, mtu anaweza kukaa jioni akazitengeneza.

---

Bi_Ubao

Kweli kabisa mwalimu, ila dakika 2 za sauti msizikatae moja kwa moja. Nyimbo na michezo ya vidole haiandikiki. Mwalimu akiimba wimbo wa kuhesabu, mwenzake anaushika kwa kuusikia mara mbili. Sauti ya herufi nayo hivyo hivyo: ukiandika "m" wengine watasoma "em", wengine "mu" au "ma", na watoto watashindwa kuunganisha silabi kwa sababu hiyo hiyo. Hapo sauti ya sekunde tano inazidi maelezo ya ukurasa mzima.

Na kwa kutafutika, chagueni maneno machache ya alama, yaandikwe namna moja siku zote: #hesabu #sauti #tabia #zana #wazazi. Mmoja akiandika #hesabu na mwingine #hisabati, utafutaji haupati vyote viwili. Msiwashe jumbe zinazojifuta, mtapoteza majibu yenu yote. Ijumaa mwenye zamu akusanye majibu bora ya juma kwenye ujumbe mmoja wa maandishi na kuuweka kwenye matangazo, ili mwanachama mpya asiingie mahali patupu.

---

MwalimuWaKona

Asanteni sana, nimepata mwanga. Swali la watoto 94 nimelijibu tayari na watu wanne wameongeza yao. Sasa kuna jambo linanisumbua: wengi hutuma picha za darasa zima, nyuso zote zinaonekana, mara nyingine na orodha ya majina. Na juma lililopita mtu aliandika kwamba mtoto wake wa darasani ana michubuko mgongoni, watu 20 wakaanza kuchangia mawazo. Hayo tuyashughulikieje?

---

Ustawi_na_Mtoto

Mwalimu, haya mawili yatengeni na mengine yote, kwa sababu kosa lake halifutiki.

Picha kwanza. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na Kenya ina ya kwao ya 2019. Picha ya mtoto ni taarifa yake. Mkiweka picha kwenye kundi la watu 186 hamjui tena imefika simu ngapi. Kanuni iwe rahisi kushikika: piga mikono, kazi na zana. Mtoto akihitajika kuonekana, apigwe kutoka nyuma. Kabla ya kutuma angalieni vitu vitatu vinavyosahaulika: jina lililoandikwa kwenye daftari, nembo kwenye sweta, na kibao cha shule ukutani. Uso uliojitokeza ufunikeni kwa kuchora juu yake kwa rangi nzito ndani ya WhatsApp kabla ya kutuma. Picha itumwe kama picha, isitumwe kama waraka, kwa kuwa ikitumwa kama waraka huweza kubeba ndani yake taarifa za mahali ilipopigwa. Orodha za majina na alama za upimaji zisionekane kabisa humo. Idhini ya mzazi iombwe kwa maandishi wakati wa kuandikisha mtoto, na iseme picha itakwenda wapi. "Mzazi hakukataa" si idhini.

Michubuko. Ujumbe wa namna hiyo mwenye zamu aufute kwa wote ndani ya dakika chache, kisha ampigie mwalimu simu. Ampigie, asimwandikie. Kundi likianza kujadili, kwanza mtoto anatambulika, maana wilaya ni ndogo na wazazi wanajuana. Pili, anayemdhuru anaweza kupata habari kabla ya mtoto kulindwa. Tatu, mwalimu anapata mawazo 20 na hafanyi hata moja. Mwelekezeni hivi: asimhoji mtoto kwa maswali ya kurudiarudia, asipige picha mwili wake, aandike tarehe, saa, alichokiona na maneno ya mtoto kama alivyoyasema. Siku hiyo hiyo amwone mkuu wa shule na Afisa Ustawi wa Jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Namba 116 ya msaada kwa mtoto inapigwa bure. Iwapo mkuu mwenyewe ndiye anayetiliwa shaka, arukwe. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa azifikishe kwa serikali ya mtaa, kwa hiyo haombi ruhusa ya mtu.

Baada ya hapo admini amrudie mwalimu huyo kesho yake na juma linalofuata. Kuona mtoto aliyepigwa kunamchosha mtu, na wengi hawana wa kumwambia.

Msipe watoto majina ya magonjwa, jamani. Mtu anaandika "haongei, hatazami usoni", majibu matatu yanasema usonji. Kundi liulize mambo ya kuangalia: anageuka ukimwita kutoka nyuma? Masikio yanatoa usaha? Nyumbani anaongea lugha gani? Mtoto anayejua Kisukuma peke yake anaweza kunyamaza miezi mitatu darasani na hana tatizo lolote. Hatua inayofuata ni mzazi na kituo cha afya, kuanzia na kupimwa usikivu.

---

Kengele_ya_Saa_Nne

Jingine la haraka, usalama wa kundi lenyewe. Maadmini wote wawashe uthibitisho wa hatua mbili, ile PIN ya tarakimu 6. Admini akiibiwa akaunti, mwizi atawaandikia watu 186 "nimekwama, nitumie elfu hamsini", na kwa kuwa wanamwamini watatuma. Kila mwanachama ajue kwamba hakuna mwenzake atakayemwomba namba za siri zilizokuja kwa SMS. Washeni pia idhini ya admini kwa wanaojiunga kupitia kiungo, na kiungo kibadilishwe kila muhula.

Mkitaka kujua kama kundi linafanya kazi, msihesabu jumbe. Hesabuni kila Ijumaa maswali ya darasani yaliyoulizwa, yaliyojibiwa ndani ya saa 24, na watu wangapi tofauti wameandika. Jumbe 900 kutoka kwa watu 12 ni dalili mbaya. Wanaosoma bila kuandika msiwabughudhi. Wawekeeni kura ya maoni mara moja kwa juma, mtu abonyeze tu.

---

Mzee_wa_Darasa_la_Awali

Wenye vitochi hawajajibiwa bado, na mara nyingi ndio wenye madarasa makubwa zaidi. Fanyeni njia mbili pamoja.

Ya kwanza ni mtu na mwenzake. Orodhesheni walimu wote wa awali wa wilaya, hata wasio kwenye grupu. Kila asiye na simu janja apangiwe mmoja wa shule yake au ya jirani, atakayemsomea muhtasari wa Ijumaa kwenye kikao cha Jumuiya ya Kujifunza na kurudisha swali lake kwenye kundi. Mmoja asibebe zaidi ya wawili, akibeba watano hatamfikia hata mmoja. Kituo cha Walimu kilicho karibu kikiwa na mashine ya kuchapa, muhtasari wa mwezi ubandikwe pale.

Ya pili ni SMS. Ujumbe mmoja wa kawaida ni herufi 160, na Kiswahili kinaingia vizuri kwa sababu hakina herufi za ajabu. Ukiweka alama hata moja ya uso unaocheka, kikomo kinashuka hadi 70 na utalipia jumbe mbili au tatu. Wazo moja kwa ujumbe, mfano: "HESABU: Gawa watoto makundi 5. Makundi 2 tu yawe na vizibo. Weka 10 kwa kopo jana yake. Kaa na wenye vizibo. Badilisha kila dk 15. Una swali? Jibu hapa." Umebaki na nafasi kidogo. Utume Jumapili jioni, wakati mtu anaandaa juma lake. Ukimfikia Jumatano ameshapanga tayari.